Wangojao Mlangoni

Nje ya nyumba ya kuzalia, ambayo watu wa Likasi huiita materniti, hawakosi kamwe watu walioketi. Wengine huegemea ukuta, wengine wametandika kitenge chini ya mwembe, na kando yao iko beseni ya kuogea, chupa ya chai, na sufuria ya bukari iliyofunikwa kwa kitambaa. Si wagonjwa. Ni mama mkwe, ni shangazi, ni mume, ni dada mdogo aliyembeba mgongoni mtoto wa kwanza wa yule aliye ndani. Wengine ni wenyeji wa mji. Wengine wametoka upande wa Kambove au katika vijiji vya mbali zaidi, nao wamelala pale usiku mmoja au miwili. Mtu akiwauliza wafanya nini, hujibu neno moja tu: twangoja.

Je, kungoja ni kufanya kitu? Mtu mwenye haraka atasema sivyo. Aliye ndani ndiye aonaye uchungu. Mkunga ndiye afanyaye kazi. Mtoto mwenyewe, ijapokuwa hajui, yumo safarini. Huyu wa nje hapunguzi uchungu hata kidogo. Akienda shambani kupalilia mahindi yake, mtoto hatachelewa kuzaliwa. Akilala usingizi, mtoto hatageuka tumboni kwa sababu hiyo. Basi mbona haendi? Tena mbona watu wote humlaumu mume aliyekwenda kunywa pombe saa ile, hata kama mtoto amezaliwa salama na hapana neno lililoharibika? Lawama hiyo ni ya haki, au ni mazoea tu? Swali hili laonekana dogo, walakini ndani yake mna jambo kubwa, yaani wajibu wa mtu mahali ambapo uwezo wake umekwisha.

Zamani, katika vijiji, mwanamke alizalia nyumbani au kando ya nyumba, mikononi mwa wazee wa kike waliokwisha kuzaa, na wanaume wakakaa mbali. Mlango wa hospitali uliletwa na kazi ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa muda wa miaka mingi ya kwanza iliandika wanaume peke yao, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi kwao, au wakafa. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadili shauri lake: ikawapa wafanyakazi mapatano ya miaka mitatu, ikawaacha walete wake zao, ikajenga nyumba za kambi, na hospitali, na mahali pa kuzalia na pa kupimia watoto uzito. Haikufanya hivyo kwa mapendo matupu. Mtoto aliyezaliwa kambini alihesabiwa kuwa ndiye mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo mama wengi waliokolewa pale. Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville hata mwaka 1966, ulikuwa mmoja wa miji hiyo, na kambi zake za Panda na Shituru ziliona watoto wengi wakizaliwa kwa gharama ya kampuni. Mume alikwenda zake kazini, king'ora kikalia, akarudi jioni akaambiwa mtoto ni wa kiume au wa kike.

Mambo yale yamepita. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya kampuni, ndiyo ikawa Gécamines. Kisha kwa miaka ya 1990 kazi ilianguka, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Mzigo uliochukuliwa na kampuni umerudi kichwani pa jamaa. Leo mara nyingi wao ndio waletao glavu za mkunga, na pamba, na wembe mpya, na uzi, na nguo za kumfunika mtoto, na mafuta ya taa inayozimika usiku, na chakula cha mama. Kwa hiyo anayekaa chini ya mwembe si mtazamaji kama alivyokuwa mume wa kambini. Yeye ndiye ghala, yeye ndiye mfuko, yeye ndiye mjumbe.

Na hili ndilo jibu la kwanza, nalo ni la mwili kabla halijawa la roho. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, mama 846 hufa. Kwa hesabu ya kijiji ni kusema: katika uzazi elfu moja, mama wanane na zaidi hawarudi nyumbani. Mmoja wa wauaji wakubwa ni damu. Mtoto amekwisha kuzaliwa, amelia, wote wamefurahi, na nyuma yake damu yaja isiyokatika. Mama mwenye afya aliyeingia kwa miguu yake aweza kufa kwa saa chache. Hapo mkunga hutoka mlangoni akaita: jamaa ya fulani wako wapi? Yatakiwa dawa katika duka, upesi. Yatakiwa mtu wa kutoa damu. Ikiwa ndugu yupo, hunyosha mkono wake, damu hupimwa. Ikiwa yafaa, hutiwa. Ikiwa hayupo, mjumbe hutumwa kumtafuta kwa rafiki zake, na wakati wapita.

Basi kungoja si kukaa bure. Kungoja ni kuwa mahali ambapo mtu aweza kuitwa. Yule aliyekwenda kunywa na yule aliyeketi chini ya mwembe hawakufanya kazi hata mmoja wao, na pengine wote wawili hawakuitwa. Lakini mmoja alikuwa tayari kuitwa na wa pili hakuwa. Lawama ya watu, basi, ni ya haki. Hawamlaumu kwa madhara aliyoyafanya. Wamlaumu kwa kuwa alimwacha mkewe peke yake na bahati.

Tena, ili aitwe, mtu ahitaji mlango. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao huku Katanga, wakajaa penye kituo cha gari moshi cha Likasi, wakingojea treni ya kuwarudisha nchi ya baba zao, ambayo wengi wao hawakuiona kamwe. Walingoja majuma, wengine miezi, na wengi walikufa pale. Mimba haingoji treni. Wazee wa mji wanaokumbuka mambo hayo hawapendi kuyasema, na pengine ni haya iliyo njema.

Walakini katika kungoja iko sehemu nyingine iliyo ngumu kuliko hiyo. Mwenye mimba ya kwanza aweza kuona uchungu usiku kucha na mchana kutwa pasipo ubaya wowote. Katika saa hizo zote hakuna aitwaye. Chai imekwisha. Watoto wa wenzao wamezaliwa, vigelegele vimepigwa mara tatu kwa ajili ya wengine. Mikono ya mtu ikiwa mitupu muda mrefu, mawazo yake hujitafutia kazi. Na kazi iliyo karibu kuliko zote ni kumtafuta mwenye kosa.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Shangazi wa mume husogea karibu na mume, akasema kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, tangu jana jua lilipotua mtoto hashuki. Iko sababu.”

“Sababu gani, shangazi?”

“Wewe wajua. Ama wewe, ama yeye. Mmoja wenu aseme, mtoto apate njia.”

“Shangazi, mkunga amesema njia yafunguka polepole, tungoje.”

“Mkunga huyu ni mtoto wa juzi. Atajua nini mambo ya nyumba yenu?”

Kila msomaji wa Katanga aelewa maneno hayo. Wabemba na Walamba walikuwa na jina lake, incila: ni madhara yampatayo mama au mtoto kwa sababu mume au mke amezini wakati wa mimba. Na makabila mengine mengi yana fikira iliyo jirani nayo, hata kama jina ni jingine. Uchungu ukikawia, mwanamke alihojiwa na wazee wa kike: taja jina la mwanamume. Akitaja, walitazamia mtoto atatoka. Asipotaja, waliona ni mkaidi, na kufa kwake kulikuwa ushahidi.

Yafaa desturi hii ipimwe kwa haki, isichekwe. Waliyoiweka hawakuwa wajinga wala wabaya. Walitaka mume awe mwaminifu miezi ile tisa, wakati ambapo mke amechoka na jaribu ni kubwa. Wakalitia tendo la sirini uzito wa uhai wa mtoto, ili mtu aogope. Walijua neno la kweli, kwamba uovu wa mmoja hauishii kwake mwenyewe. Na hata kwa mwili hawakukosa kabisa, kwa maana mume aendaye huku na huku aweza kuleta nyumbani maradhi ya sirini, kama kaswende, ambayo huua mtoto tumboni. Shina lake, basi, lina uhai.

Lakini tazameni tunda lake saa ile ya uchungu. Mwanamke aliye katika taabu kuliko zote za maisha yake afanywa mshitakiwa, wala hawezi kuondoka, wala hawezi kunyamaza. Akiungama, ameungama kwa kuogopa kufa. Na neno litokalo kwa hofu ya namna hiyo si kweli wala si uongo, ni kilio. Wako waliotaja majina ya wanaume wasio na kosa ili waachwe. Halafu mtoto akazaliwa, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika, na lile jina likabaki nyumbani milele kama moshi katika nyasi za paa. Na ubaya ulio mkubwa kuliko huo ni huu: wakati uliotumika kwa maswali, mwanamke angekuwa njiani kwenda hospitali. Mtoto aliyelala kikingamo hatasimama wima kwa sababu ya jina la mwanamume.

Wafuasi wa Bwana nao waliuliza swali la namna hiyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walipewa mambo mawili tu ya kuchagua, wakajibiwa kwamba si hili wala lile. Kisha yule kipofu alitendewa kazi: udongo, na mate, na maji ya kunawa. Katekista akifundisha sura ile mara nyingi hukaza muujiza, na ni vema. Lakini wangojao mlangoni wangefaidiwa zaidi na lile jibu lililotangulia muujiza.

Huenda mtu akasema: je, basi, tusitafute sababu ya jambo lo lote? Tuketi tu kama magogo? Hapana. Iko tofauti kati ya kutafuta sababu na kumtafuta mwenye kosa, na habari moja ya mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, yaweza kuionyesha. Palikuwa na hospitali kubwa yenye nyumba mbili za kuzalia. Katika moja walihudumu waganga na wanafunzi wao, katika ya pili wakunga. Katika nyumba ya waganga mama walikufa kwa homa ya uzazi kuliko katika nyumba ya wakunga, hata wanawake maskini walilia kwa kuomba wasiingizwe mle. Watu walisema mengi: ni hewa mbaya, ni haya ya wanawake kutazamwa na wanaume, hata kengele ya padre apitaye kuwapa wafao Sakramenti yawatisha mama mpaka wakaugua. Mganga mmoja kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis, alimwomba padre apite njia nyingine bila kengele. Mama wakazidi kufa. Kisha rafiki yake mmoja, mwalimu wa waganga, alikatwa kwa kisu alipokuwa akipasua maiti, akafa kwa homa iliyofanana kabisa na ile ya mama. Ndipo Semmelweis alipofahamu: waganga walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi, na mauti yalikuwa katika vidole vyao. Mwezi Mei 1847 akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100; mwezi wa Julai alikufa mmoja tu katika 100.

Semmelweis alitafuta sababu, akaikuta katika mikono yake mwenyewe. Hakumwinamia mama kitandani amwulize umefanya nini. Ndiyo maana waganga wengi wa wakati wake walimkataa: sababu aliyoionyesha iliwahusu wao. Mtu amtafutaye mwenye kosa huanza kwa jirani yake, na mara nyingi huanza kwa yule asiye na nguvu ya kujibu. Mtu atafutaye sababu huwa tayari ikutwe hata kwake mwenyewe.

Kwa hiyo, mkunga akitoka nje akauliza: maji yalivunjika saa gani? alikunywa dawa gani kijijini? uzazi wa kwanza ulikwendaje? alipata kupasuliwa? — jamaa wajibu kweli tupu, hata ikiwa ni kweli ya kuaibisha. Kama bibi alimpa mizizi ya kuharakisha uchungu, na isemwe, tena upesi, maana dawa nyingine hukaza tumbo mpaka likapasuka. Wengi huficha hilo kwa kuogopa kukemewa. Ni ajabu: mtu yule yule amdaiye mkwewe aungame zinaa mbele ya watu aficha mzizi mmoja mbele ya mkunga.

Mume naye, ikiwa kweli amekosa, na ajue la kufanya. Ukweli wake si dawa ya kumtoa mtoto, wala hana ruhusa ya kuutupa juu ya mke wakati wa uchungu ili yeye apate nafuu ya moyo. Na autunze. Akaukiri kwa Mungu palipo mwembe, na baadaye, mke akiwa amepona na amelala usingizi wake, atauchukua mahali pake panapofaa. Kungoja kwake ni pamoja na kungojea saa hiyo.

Juu ya kuingia ndani, yaani jamaa mmoja kukaa na mzazi mpaka mwisho, mazoea ya hospitali si mamoja. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia lashauri kwamba kila mwanamke apewe mwenzi amtakaye mwenyewe akae naye wakati wote wa uchungu. Neno la kushika ni hilo: amtakaye mwenyewe. Pengine si mama mkwe. Pengine ni dada yake aliye mdogo kwa umri, asiye na sauti katika ukoo. Na mahali ambapo vitanda vimesongamana, mama watatu katika chumba kimoja, mkunga akikataza watu kuingia asihesabiwe kuwa mkatili. Asitiri wale wengine wawili.

Bado liko deni. Katika hospitali nyingi za Kongo imekuwa desturi mbaya kumshika mama na mtoto wake mpaka malipo yatimie, na wako waliozuiliwa majuma. Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa kuzaa bila malipo, ikianzia Kinshasa. Jamaa wa kijijini wasijilaze juu ya habari hiyo kabla ya kuuliza hospitali iliyo karibu nao inatozaje. Atakaye kungoja vema huanza kungoja mwezi wa nne wa mimba, akiweka franka chache kila siku ya soko, akijua baisikeli ya nani itatumika na ni nani mwenye damu ifaayo.

Wakatekumeni hawakosi kujua kungoja ni nini. Kardinali Lavigerie aliwaamuru mapadre wake wawangojeshe watu miaka minne kabla ya ubatizo, na wazee wengi wa Katanga walibatizwa kwa amri hiyo, wakitoka kanisani kila Jumapili kabla ya Misa kuendelea, wakaketi nje. Na hapa liko jambo ambalo mkatekumeni huenda hakulifikiri. Yatokea mkunga kutoka mlangoni akasema: mtoto huyu hapumui vema, hatafika asubuhi, yupo wa kumbatiza? Padre yuko mbali, katekista amekwenda safari. Wazazi wakitaka, aweza kubatiza mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, mwanamume au mwanamke, hata yeye ambaye bado hajabatizwa. Na achukue maji safi, ya kisima au ya bomba, mradi ni maji kweli. Ayamimine juu ya kichwa cha mtoto, yatiririke juu ya ngozi, si juu ya kofia wala nywele peke yake, huku akisema yale maneno aliyofundishwa, wakati ule ule wa kumimina. Atumie jina ambalo mama amelichagua. Kisha amrudishie mama mtoto wake, na kulipokucha aende kwa padre kumwambia jina la mtoto, na majina ya wazazi, na siku, na saa, yapate kuandikwa katika kitabu.